Nati Niliyosema Ililegea

Jumatatu, 10 Februari

Gari la Iliana limerudi. Wiki tatu tu! Turbo mpya, nimeifunga mwenyewe, nati zote nimekaza kwa mkono wangu. Na bado oili. Imetapakaa nyuma ya injini, inachuruzika hadi kwenye bomba la moshi. Iliana anasema akisimama kwenye taa gari linanuka kama kikaango kilichosahauliwa jikoni. Ana mapacha kiti cha nyuma, kila siku mjini Gabrovo na kurudi. Bomba lile likipata moto sawasawa — basi, tusiongee. Nimemwambia aliache hapa.

"Dada Veska, si uliniambia ni turbo?"

Nilimwambia, ndiyo.

Jumanne, 11 Februari

Nimeosha injini nzima. Oili ikishatapakaa hujui imeanzia wapi. Upepo unaipeleka nyuma, na wewe unaona inapodondokea tu. Nimetia kwenye oili rangi ya kung'aa, ya kuonyesha panapovuja, nimeendesha hadi daraja la mto Rositsa na kurudi, nikafunga milango ya gereji, nikamulika kwa taa ya zambarau.

Turbo: imelowa mdomoni. Sawa. Lakini kuna mstari wa kijani juu zaidi, kwenye gasketi ya kifuniko cha injini. Na mwingine mbele, kwenye sili ya krenki, ule mpira wa kuzuia oili. Sehemu tatu kwa mpigo! Gasketi na sili haziagani kufa siku moja. Kuna kitu kinaisukuma oili kutoka ndani.

Nimekula maharage ya baridi, nimesimama. Sitaki kufikiria ninachofikiria.

Jumatano, 12 Februari

Nimefikiria. Injini ikinguruma nimefungua tundu la kujazia oili, nikalivalisha glavu ya mpira. Glavu ikavimba, vidole vyote vitano wima, kama mtu anayenizuia nisipite.

Injini haipumui. Nimetoa mpira wake wa kupumulia — umeziba, ndani uji mweusi mzito. Mvuke hauna pa kutokea, kwa hiyo oili ya turbo inashindwa kurudi chini, inatafuta njia yoyote. Hapo turbo itavuja tu, hata ingekuwa ya dhahabu. Ile ya zamani ya Iliana ilikuwa nzima. Niliitoa bure.

Hilo nitamwambia. Hilo si gumu.

Gumu ni Parvan.

Alhamisi, 13 Februari

Niandike, maana hakuna atakayesoma.

Miaka miwili iliyopita. Gari kama hili hili, la Tsanko, yule mkulima wa maboga. Parvan, fundi wetu, alilifungia turbo mpya. Wiki mbili baadaye Tsanko alikuwa anavuka mlima Shipka kwenda kumzika kaka yake. Oili ikaisha, injini ikakwama. Theluji magotini. Alipofika Stara Zagora, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Akaja gerejini na lile koti jeusi la msibani. Akauliza: nani alifunga ile turbo?

Nikasema Parvan. Nikasema nati ya bomba la oili ililegea.

Nati sikuigusa. Sikuiangalia hata!

Miaka kumi na tisa mzee yule alifanya kazi hapa, kwa baba kisha kwangu. Hakubisha. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Tangu hapo hakuna mtu hapa Sevlievo aliyempa hata baiskeli atengeneze. Anapasua kuni kwenye nyua za watu.

Ijumaa, 14 Februari

Jana sikumaliza. Nilikwepa.

Parvan aliniambia. Kabla ya kufunga ile turbo alisimama hapa, mlangoni pa ofisi: "Veska, injini hii haipumui. Nipe saa mbili niisafishe." Nami: "Mzee, mteja anasubiri. Funga tumalize."

Sikusahau. Nilijifanya nimesahau, mpaka nikakaribia kusahau kweli.

Jumapili, 16 Februari

Nimekwenda kwake. Alikuwa uani na shoka. Nikasema yote, hovyohovyo, mwisho kabla ya mwanzo — glavu, uji mweusi, Tsanko, nati. Akaliegemeza shoka ukutani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nililifuata gari la Tsanko likiwa bado kwenye trela. Nati ilikuwa imekaza vizuri kabisa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ni binti wa Mincho. Mji mzima ungeniamini mimi?" Akaokota kipande cha kuni. "Nilidhani utakuja. Mwaka wa kwanza nilidhani hivyo kila Jumapili."

Nikamwomba msamaha. Hakuupokea, hakuukataa. Akauliza tu kama mwenye gari ana watoto. Nikasema mapacha.

"Utalifunga lini?"

"Jumanne."

"Usilifunge peke yako, una haraka wewe, tangu utoto. Nitakuja. Kwa ajili ya gari, usinielewe vibaya." Nikafika getini, akaniita. "Na Tsanko?"

"Nitamwambia."

"Mbele yangu."

Nikakubali. Ingekuwaje nisikubali?

Jumanne, 18 Februari

Amekuja saa mbili asubuhi, akapita ile meza aliyoiachia aproni bila kuitazama. Mpira mpya wa kupumulia, gasketi mpya, sili ya krenki. Mikono yake haijasahau kitu. Ameniona nikipaka gundi: "Unapaka injini au unapaka mkate siagi? Baba yako angekuvuta masikio." Nikacheka. Naye akacheka kidogo, halafu akaacha, kama aliyekumbuka yuko wapi.

Glavu tena. Safari hii ikanywea, ikafyonzwa ndani ya tundu. Tumeendesha hadi darajani, tumemulika. Pakavu! Iliana amelichukua jioni. Nimemwambia kosa lilikuwa langu, tangu mwanzo. Akamtazama Parvan, akamshukuru yeye.

Nimempigia Tsanko simu. Apite kesho mchana, kuna jambo. Parvan naye atakuwepo.

Jumatano, 19 Februari

Wapo nje wote wawili. Tsanko amewahi, saa nne asubuhi, sijajipanga hata neno moja. Nilisema nachukua kitu ofisini. Nimechukua hiki kitabu.

Dirisha liko wazi. Nasikia kila kitu.

"Veska! Umemrudisha huyu?"

Sasa anamgeukia Parvan.

"Wewe mtu! Kaka yangu nilimkuta ameshafukiwa. Hata pole hukuja kunipa."

Parvan anafuta mikono. Anafuta kidole kimoja kimoja. Anatazama dirisha langu — mimi, si Tsanko. Anasubiri.

Niinuke. Maneno ni machache tu, nati ilikuwa imekaza, mwongo ni mimi. Hata mtoto angeyasema.

"Pole, Tsanko," Parvan amesema.

Pole! Yeye!

Tsanko ananiita tena. Mara ya tatu sasa. Parvan ameinama, anakusanya spana zake, na mimi bado naandika —