Moyo wa Mama Uliodunda Jumapili

Endagikot,
Posta ya Mbulu, Tanganyika.
16 Juni 1952

Mpendwa mdogo wangu Gervasi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mkonge haujakumaliza mikono? Na kile kikohozi cha vumbi kimekwisha? Sisi huku tu wazima, ila baridi ni kali, na Baba amekaa mbele ya moto hata hatuuoni.

Najua unaruka mistari ukimtafuta Mama. Mama ni mzima, moyo wake haukuharibika. Sasa rudi juu usome taratibu.

Tangu Pasaka anachomwa sindano ya ugonjwa wa sukari kila asubuhi. Dresa wa zahanati alinifundisha, nami nachemsha bomba la sindano, namchoma mwenyewe, kisha namwekea chakula. Kiu ilipungua, mwili ukaanza kurudi. Lakini kanisani moyo ukawa unamwenda mbio, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Jumapili ya tatu akaanguka akienda kupokea Komunyo.

Hapo majirani wote wakawa madaktari. Walisema dawa inaupanua moyo na mwisho utapasuka. Hata wewe ukaandika tuiache. Mama akaikataa sindano siku nne, kiu ikarudi, macho yakaingia ndani. Niliogopa, Gervasi. Nikimchoma namuua, nisipomchoma namuua.

Tukapanda lori hadi hospitali kubwa ya Arusha. Daktari akausikiliza moyo, akaupiga picha, kisha akauliza unadunda siku zipi. Nikahesabu kwa vidole, nikaona ni Jumapili tupu. Akamuuliza Mama siku hizo alikula nini baada ya sindano. Mama akamtazama kama mtu asiye na adabu.

"Nile kabla ya Komunyo?"

Kumbe ni hilo tu. Tulijua sindano haivunji mfungo wa Komunyo ulioanza usiku wa manane, basi nilimchoma alfajiri na kumpandisha mlima hadi kanisani tumbo tupu. Daktari alieleza kwamba dawa hushusha sukari, na isipokuta chakula huishusha kupita kiasi, ndipo moyo unahangaika. Picha ilionyesha moyo wa kawaida, haujapanuka hata kidogo. Mkono uliomwangusha ni huu unaokuandikia. Nililia pale pale, Mama akanikanya nisimwaibishe mbele ya Mzungu.

Sasa Jumapili sindano inangoja Misa iishe, na chakula kinakuwa tayari kwa shangazi Benedikta, jirani na kanisa. Sukari kidogo anaifunga kwenye pindo la khanga. Jasho likimtoka atailamba, hata ikibidi akose Komunyo siku hiyo. Padre alilazimika kumwambia mara mbili ndipo akakubali.

Kwa hiyo usivunje mkataba wako wa mkonge ili kumkimbilia Mama. Njoo Krismasi, umkute anakungoja na maneno yake yote.

Wasalimie wenzako wa kazini, Hermani na Tomaso. Baba na shangazi wanakusalimu sana. Mungu akulinde na miiba ya mkonge, na ya watu pia.

Nilitaka kufunga barua, lakini hili nalo ulijue. Jana Mama alipokea Komunyo, akarudi kwenye benchi, akauchukua mkono wangu na kuuweka kifuani pake. Moyo ulikuwa unatembea polepole. Na leo asubuhi, kabla sijamwita, nilimkuta ameketi karibu na chakula chake, amekwisha kupandisha nguo hadi pajani.

"Choma, mwanangu," akasema.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Perpetua