Si Kichwa cha Wafula, ni Kompyuta

Kaloleni, Nairobi
Jumapili jioni

Kwako Baba,

Nakuamkia kwa heshima, wewe pamoja na Mama. Goti la Mama linaendeleaje tangu mvua zianze? Na sikio lako, limetulia au bado linavuma? Sisi huku tunaamka salama. Kazi kiwandani ipo, na ile homa iliyonishika mwezi uliopita imeniachia.

Barua yako nilikabidhiwa na Mjomba, nikaisoma mara mbili nikiwa bado nimesimama mlangoni. Ulisema tukikaribia kupanda nimlete Kaka Wafula nyumbani atulie, kwa sababu mtu aliyeumia kichwa hana kazi Nairobi. Sikukujibu kwa simu kwa kuwa haya si mambo ya kupigiana kelele. Leo nakujibu, na nakuomba umsomee Mama yote, usiruke mahali. Kuna sehemu nitajishtaki mwenyewe, na hiyo pia umsomee.

Unajua kwamba Kaka alipotoka hospitalini baada ya ile ajali, madereva wenzake wa yadi ya malori walimletea kompyuta iliyokwisha kutumika, pamoja na usukani wa plastiki unaofungwa kwenye meza na pedali mbili za kukanyaga. Ndani yake kulikuwa na gemu ya kuendesha lori. Mimi nilidhani ni mchezo wa watoto. Baba, si wa watoto. Kuna vioo vya pembeni, kuna mizani ya barabarani, kuna trela la kurudisha nyuma hadi mlangoni mwa ghala, na ukikata kona vibaya linapanda ukingo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa bado kwenye plasta, lakini wa kulia ulikanyaga mafuta na breki, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikamsikia akipiga mluzi. Chumba chetu kina meza moja. Mimi nilikaa upande huu na cherehani yangu, yeye upande ule na lori lake.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya miezi michache akaanza kugonga. Alikuwa akianza safari vizuri, lakini ikifika kama dakika kumi, picha inaanza kukwamakwama. Lori linasimama kidogo, linaruka mbele, linasimama tena. Akizungusha usukani, lori halikati kona, na likija kukata limeshapita barabara. Akizima na kurudi baadaye, mambo yanakuwa sawa kwa dakika kumi nyingine, kisha yale yale. Nikamwambia pengine ni kompyuta.

"Hapana, Nekesa," akasema. "Daktari aliniambia kichwa hiki kitakuwa kinachoka haraka. Hizo dakika kumi ndizo nilizobakiwa nazo."

Nilimwamini, Baba. Ningemwamini nani mwingine, wakati yeye ndiye aliyekaa barabarani miaka yote ile? Akaufungua usukani kutoka mezani, akausukuma chini ya kitanda. Kliniki ya kupimwa kama anaweza kurudi kuendesha, aliikosa mara ya kwanza akasingizia mvua. Mara ya pili hakusingizia chochote. Wifi akipiga simu kutoka huko nyumbani, ananipa mimi nimwambie amelala. Ndipo nilipokuandikia ile barua ya huzuni, nawe ukanijibu nimlete.

Sasa nikueleze kuhusu Mama Ciku. Ndiye fundi wa kutengeneza cherehani pale kiwandani kwetu, mwanamke pekee kati ya mafundi wote. Ni mjane, mtu wa Murang'a, umri wake unakaribia wa Mama, na anaishi mlango wa tatu kutoka kwangu. Mambo ya kompyuta alijifunza mwenyewe kwa kufungua zilizokufa. Cherehani ikisumbua, mafundi wengine hubadilisha sindano, uzi na mkanda kwa mkupuo, ikipona hawajui kilichoiponya. Yeye hubadilisha kitu kimoja, anashona mistari miwili, anatazama. Wasimamizi humwona mzito. Lakini mashine aliyoitengeneza yeye hairudi tena kwenye benchi.

Jumamosi moja mchana alikuja kuazima mkasi wangu, akamkuta Kaka ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa. Akamuuliza inasumbua nini. Kaka akamjibu kwamba kompyuta ni nzima, kibovu ni kichwa chake.

"Nani amekupima?"

"Nimejipima mwenyewe, Mama Ciku. Kila nikifika dakika kumi, nagonga."

"Hebu washa nione."

Kaka akautoa usukani chini ya kitanda, akawasha shingo upande. Akaendesha. Lori likaanza kurukaruka kama kawaida yake, akagonga ukingo wa daraja, akatoa mikono. "Umeona?"

"Nimeona limegonga. Sijaona kwa nini."

"Na usiniambie ujaribu wewe," Kaka akasema kwa ukali ambao ulinitia aibu. "Wewe hujaendesha hata mkokoteni. Ukigonga haitakuwa ushahidi."

"Ndiyo maana sitaendesha," Mama Ciku akajibu, wala hakukasirika. "Zima kwanza ipumzike, Nekesa atupe chai. Halafu utaliegesha lori kando ya barabara kwenye mvua, uwashe waipa, utoe mikono."

Tukanywa chai. Kaka akawasha, akaliegesha lori mahali mvua ilikuwa ikinyesha, akawasha waipa za kufuta kioo, akakunja mikono kifuani. Waipa zikaenda na kurudi taratibu, laini, kama mtu anayefagia uwanja bila haraka. Watu wazima watatu tukakaa kuzitazama. Nilianza kuona tunapoteza mchana wa Jumamosi. Mara waipa moja ikasita katikati ya kioo. Ikaruka. Ikasita tena.

"Wafula," Mama Ciku akasema, "nani ameshika usukani?"

"Hakuna mtu."

"Basi ni kichwa cha nani kimechoka hapo?"

Kaka aliinua mikono yake akaitazama, viganja kisha migongo, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameibiwa. Mimi nikageuka nikajifanya natafuta ule mkasi, kumbe nilikuwa nimeushika.

Baba, kwangu hiyo ingetosha. Kwa Mama Ciku kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, maana tulijua tu kwamba ni mashine, hatukujua mashine ina nini. Akaomba daftari. Akatuonyesha namba fulani inayoweza kuwekwa pembeni mwa skrini, ya kuhesabu picha zinazopita kila sekunde. Zikiwa nyingi, jicho linaona mwendo, na zikipungua linaona mkwamo. Lori likianza, namba ilikuwa karibu sitini. Waipa zikisita, ilikuwa imeanguka hadi kumi na mbili.

Kwanza akafunga programu nyingine zilizokuwa zikifanya kazi chinichini. Tukangoja. Namba ikaanguka vilevile. Akaandika. Akairuhusu mashine ipumzike, kisha akapunguza ukali wa picha hadi miti ikaonekana kama imekatwa kwa kadibodi. Safari hii ilichukua muda mrefu zaidi kabla ya kuanguka. Nikafurahi, nikasema basi tuiache hivyo.

"Hiyo ni kumpunguzia mgonjwa mzigo," akasema. "Bado ni mgonjwa."

Halafu akaweka kiganja juu ya kasha la kompyuta, akakiondoa upesi. Akatazama juu, kwenye mabati ya chumba chetu. Unakijua chumba hiki, jinsi kinavyochemka mchana. Akamuuliza Kaka kama asubuhi huwa anaendesha muda mrefu kuliko mchana. Kaka akafikiri, akasema ndiyo, lakini yeye alidhani ni kwa sababu asubuhi ameamka na nguvu. Mama Ciku akafungua ubavu wa kasha, akanituma nilete feni ya mezani, akaielekeza ndani. Waipa zikafuta mvua nusu saa nzima bila kusita hata mara moja.

"Ni joto," akasema. "Mashine ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo ili isiungue. Sasa tutafute kwa nini haipoi."

Kesho yake baada ya kanisa alikuja na brashi ndogo ya rangi, spiriti na bomba dogo la dawa inayopakwa juu ya kile kipande kinachofikiri ndani ya kompyuta, ili kipitishe joto lake vizuri. Akamkabidhi Kaka bisibisi. "Fungua wewe, macho yangu hayaoni skrubu ndogo." Baba, macho ya Mama Ciku hutia uzi kwenye sindano bila miwani.

Kaka akafungua. Chini ya feni ya ndani kuna vipande vyembamba vya chuma, vimepangwa kama meno ya kitana, ambavyo hewa hupita kati yake. Hewa ingepita wapi? Palikuwa pamezibwa na kitu kama kipande cha blanketi. Mama Ciku akakivuta kwa kibanio, kikatoka kizima. Kilikuwa na buluu, kilikuwa na nyekundu, na kilikuwa na ile rangi ya kijani ya sare za shule ninazoshona jioni.

Hapo ndipo mashtaka yangu yalipo. Vumbi lile ni la vitambaa vyangu. Miezi yote hiyo nilishona meza moja na kompyuta, nayo ikavuta nyuzi zangu hadi ikakosa pumzi, na kaka yangu akaamini ni yeye anayeharibika. Nilikaa kitandani.

Kaka akalichukua lile blanketi dogo, akalipima mkononi. "Kumbe nimekuwa nikibeba shehena ya sare bila kuandikiwa karatasi," akasema, akaanza kucheka. Akacheka hadi akashika mbavu, na mimi nikacheka huku nalia.

Wakasafisha pamoja. Mama Ciku alimwonyesha namna ya kuizuia feni kwa kidole isizunguke anapopiga brashi, na namna ya kufuta ile dawa ya zamani, ambayo ilikuwa imekauka kama udongo. Mpya aliweka tone la ukubwa wa punje ya dengu, basi. Kaka akarudisha kila kitu, akawasha. Feni zikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi.

Uso wake ulibadilika. "Nimeiua."

"Mwisho ulishika nini?" Mama Ciku akauliza, hakuinuka hata kwenye kigoda.

"Nilitoa kile kibao chembamba cha kumbukumbu, nikakirudisha."

"Basi anzia hapo."

Kaka akazima, akachomoa waya wa umeme, akakibonyeza kibao kile taratibu kwa vidole gumba viwili mpaka kikalia *tak*. Akawasha, picha ikaja. Mama Ciku hakumpongeza. Alisema tu lori liegeshwe, waipa ziwashwe, na hakuna mtu kugusa usukani mpaka nusu saa iishe. Nusu saa ikaisha. Namba haikushuka.

Ndipo Kaka alipoendesha. Dakika kumi zikapita, nikaona anaitazama saa ya ukutani, kisha akaacha kuitazama. Aliendesha zaidi ya saa moja, akapanda mlima, akashuka kwa gia ndogo, na mwisho akalirudisha trela nyuma katikati ya malori mawili, mara moja tu, bila kusahihisha. Mama Ciku akasimama, akajipangusa sketi.

"Kwa hilo sina la kukufundisha," akasema. "Hiyo ni kazi yako."

Akachukua mkasi wangu alioufuata jana yake, akaenda.

Jioni hiyo Kaka mwenyewe aliniuliza kadi ya kliniki iko wapi. Tulienda pamoja. Daktari alimpima macho, mikono, wepesi wa kuitika, akamuuliza maswali mengi. Sitakuficha, si yote yaliyokuwa mazuri. Mguu wa kushoto hauna nguvu ya klachi ya lori kubwa, na pengine hautaipata tena. Lakini kichwa, Baba, daktari alisema kimepona vizuri kuliko alivyotarajia, na ule uchovu wa mwanzo ulikuwa umekwisha zamani. Kaka aliomba alirudie hilo. Daktari akalirudia.

Dereva mmoja mzee aliyemfahamu barabarani ana shule ya udereva kule Donholm. Alikuwa anatafuta mtu wa kufundisha kwenye ule ubao mkubwa wenye barabara zilizochorwa pamoja na magari madogo ya mfano, ambapo wanafunzi hujifunza alama na mizunguko kabla hawajashika gari. Kaka alikwenda kuonyesha anachojua, akaambiwa aanze wiki hii.

Kwa hiyo jibu langu, Baba, ni kwamba simleti. Najua unasema kwa upendo, na kama nimekukosea heshima unisamehe. Atakuja kupanda siku mbili tatu kama mtoto yeyote wa nyumbani, kisha atarudi. Mimi nimeitoa cherehani hadi barazani, na kompyuta tumeiinua juu ya kreti. Mama Ciku tukamwalika chakula, akala, akakataa kabisa tumsifu, akasema hakufanya lolote ila kutazama waipa. Nimefanya kazi na watu wengi hapa Nairobi, sijaona mwingine anayeweza kukaa na shida ya mtu kwa subira namna ile.

Mpe wifi yangu salamu, mwambie simu ya Kaka sasa anaishika mwenyewe. Wajukuu wako wawili wabusu kwa ajili ya shangazi yao. Msalimie Bibi yetu, na ndugu yangu mdogo aliyebaki na ng'ombe. Mama mwambie namletea kitenge, achague rangi mapema.

Jumatano iliyopita Kaka alianza kazi. Alivaa shati lake jeupe, akachukua fimbo yake ya kutembelea, akaondoka nyumbani kabla yangu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ajali. Nilibaki mlangoni nimeshika kufuli, nikamtazama akienda taratibu kuelekea barabarani, mguu ukiburuta kidogo. Nilitaka kumwita nimuulize kama amebeba mwavuli. Sikumwita.

Binti yenu anayewapenda,
Nekesa