Mtani Alipolala Mlangoni

Ijumaa, Manundu, Korogwe.

Tangu asubuhi ni manyunyu tu, mvua isiyofaa shambani wala haiachi nguo zikauke. Mikeka ya msibani imekunjwa na kusimamishwa ukutani. Majirani wamerudi kwenye shughuli zao, na nyumba imebaki na Mama, mimi, na masufuria ya watu ambayo hakuna aliyekuja kuyachukua.

Nina hasira. Naandika hivyo kwanza, nisije nikajidanganya baadaye kwamba ilikuwa huzuni tu.

Juzi tumemzika Baba. Mzee Petro, Mnyamwezi aliyeletwa Korogwe angali kijana kuja kukata mkonge, akakata mpaka mgongo ukapinda, mashamba yakachukuliwa na serikali, naye akaendelea kukata. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande mmoja. Maneno yote yakampotea, akabakiwa na kumwita Mama na kuomba maji. "Mama Vero, maji." Akitaka blanketi, ni maji. Akitaka dirisha lifungwe, ni maji. Na Mama kila mara alikuja na kikombe cha bati mkononi, kisha ndipo atafute alichokitaka hasa.

Vero ni mimi, binti yake mkubwa, yule msomi.

Msomi huyo yuko chuo kikuu anasoma isimu tumizi, shahada ya uzamili. Watu wa hapa wakiniuliza, nawaambia nasomea namna watu wanavyozungumza, nao hucheka, maana hawaoni kwa nini serikali imlishe mtu mzima akasikilize wenzake wakizungumza. Kwenye maombi yangu ya ufadhili nilieleza vizuri zaidi. Niliandika kwamba vitabu vya elimu ya watu wazima vimeandikwa kwa Kiswahili cha ofisini, wanakijiji wanasinzia juu yake, hivyo inafaa mtu aende akanase lugha wanayoitumia wenyewe wanapokuwa na jambo la kweli la kusema. Mimi nikachagua utani wa msibani.

Wazigua na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Akifa Mnyamwezi, Wazigua huja kumcheka. Watamwiga alivyotembea, alivyokula, alivyogombana na mkewe. Watachukua kitu chochote cha nyumba ile, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, kosa ni lake. Akifa Mzigua, nasi tunafanya hivyo hivyo.

Mwalimu wangu mkubwa katika hayo alikuwa Bibi Mwanahawa, mjane wa Kizigua huko Handeni. Walihamishwa kwa lori kwenda kijiji cha ujamaa, na nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe ikabomolewa nyuma yake ili asipate pa kurudi. Hata hilo analisimulia kwa kucheka. Nilipomleta kumwona Baba mgonjwa, alijitupa kitandani pembeni yake akasema, "Mtumwa wangu, siku hizi umekuwa mvivu hata wa kusema?" Baba akacheka kwa nusu ya mdomo. Tangu augue hatukuwa tumemwona akicheka, na Mama alimpenda Bibi kwa ajili hiyo.

Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa data nzuri.

Nilikuwa nikimketisha kwenye kiti, naweka kinasa sauti mezani, namuuliza. Siku moja nilimwomba anieleze watani walivyokuja kwenye maziko ya mwanawe, kijana wake pekee. Alinieleza, na akawaiga watani walivyomwiga kijana, hasa namna alivyokuwa akimwita mama yake akirudi kutoka shamba. Katikati jogoo akawika. Nikasema, "Rudia, Bibi, sikusikia vizuri." Akarudia. Halafu tepu ikaisha kabla hajamaliza. Nikageuza upande wa pili, nikasema, "Rudia." Akarudia tena kwa sauti ile ile, mikono imetulia mapajani. Nilimwachia sukari na sabuni, nikaondoka nimefurahi.

Msimamizi wangu wa chuo alizisikiliza tepu zote, akavua miwani, akaniambia kwa upole kabisa kwamba haya ni maigizo. Bibi huyu anaigiza mbele ya mashine. Yeye msimamizi alitaka msiba wa kweli, wenye maiti ndani na watani mlangoni. Bila hivyo tasnifu yangu haitapita, na isipopita nitarudi kufundisha darasa la tatu nilikotoka. Akanitakia safari njema.

Kwa hiyo Baba alipokata roho nilimfumba macho. Nikamtuma mdogo wangu Yohana kwa fundi wa jeneza. Nikapeleka habari Handeni kwa watani, kama desturi inavyotaka.

Kisha nikatia betri mpya na tepu ndefu kwenye mashine.

Sikuificha hata kidogo. Niliiweka dirishani, kipaza sauti kikielekea ndani, na waliokuja kunipa pole walidhani ni redio. Katibu wa chama alikuja akasoma hotuba kuhusu Ndugu Petro na ujenzi wa taifa. Alipofika kwenye jasho la mfanyakazi, lori la Handeni likasimama barabarani, na Bibi Mwanahawa akashuka akipiga kelele kabla miguu haijagusa ardhi.

"Nani kamruhusu mtumwa wangu kufa? Mkonge kamwachia nani?"

Watu wakaangua kicheko, katibu akakunja karatasi yake. Bibi alitembea uani mgongo umepinda kama wa Baba, akakata mkonge usiokuwepo, akajichoma na miiba, akatukana msimamizi wa shamba kwa matusi ya Baba mwenyewe. Nami nilicheka huku machozi yananitoka. Niseme ukweli wote: nilikuwa nikitupa jicho dirishani kuangalia kama tepu bado inazunguka.

Bibi aliniona.

Alikwenda dirishani, akaichukua mashine, akaingia nayo sebuleni. Akaketi kwenye kiti changu kando ya jeneza, akakunja nne kama mimi, akavuta midomo mbele na kusema Kiswahili changu cha Dar es Salaam. Akaweka kipaza sauti juu ya jeneza. "Mzee, sema. Sikusikia vizuri. Kuna jogoo anawika. Rudia, Mzee, serikali inasubiri." Watu walishikana mabega kwa kucheka. Yohana alilazimika kutoka nje. Nilisimama pale na kicheko kimenigandia usoni, kwa sababu nikinuna, faini ni yangu.

Padri akamaliza sala zake, wabebaji wakainua jeneza. Hapo Bibi Mwanahawa akalala chali kizingitini, mlango mzima, na kinasa sauti cha chuo kikuu tumboni.

Hilo nalo ni desturi. Maiti haitoki mpaka mtani aridhike. Yohana alirudi na kuku wa kumlipa, akidhani hapo mambo yamekwisha. Bibi hakumtazama hata huyo kuku.

"Sitaki kuku," akasema. "Nataka msomi. Mimi nimeambiwa rudia, nikarudia. Leo arudie yeye. Mtumwa wangu alikuwa anasemaje?"

Wabebaji walikuwa wakibadilisha mabega. Jua lilikuwa kali na chumba kimejaa watu. Ningeweza kukataa, na jeneza lingekaa pale, na Wanyamwezi wote wa Korogwe wangesema binti wa Petro kisomo kimemharibu, hajui tena utani. Ningeweza kulia tu, na pengine hata mtani angenihurumia. Lakini nitamdanganya nani humu? Nilijua kwamba naweza, na nilijua naweza kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu mwaka jana nilimnasa Baba kwa ajili ya zoezi la darasani kuhusu wagonjwa wanaopoteza usemi. Nilipima mapumziko yake. Nilieleza ulimi wake unalala wapi. Nilipata alama ya juu.

Basi nikaulegeza upande wa kushoto wa mdomo. Nikatanguliza pumzi, kama yeye, ile pumzi ndefu ya mtu anayesukuma mkokoteni. Nikaliacha jina lizame katikati na kuibuka mwishoni.

"Mama Vero. Maji."

Walicheka, halafu kicheko kikakatika, kwa kuwa ilikuwa sauti yake kabisa.

Na kutoka chumbani, walikokuwa wanawake na Mama, tukasikia, "Abee, Baba Vero. Nakuja."

Akatoka. Alikuwa na kikombe cha bati mkononi, kimejaa, na mkono mwingine ameufunika juu yake ili maji yasimwagike, kama alivyokuwa akifanya kila siku. Alipiga hatua kadhaa akiangalia kikombe tu. Kisha akainua macho akaliona jeneza mabegani mwa watu.

Shangazi mmoja alimshika Mama mabega akamrudisha ndani, naye alikubali kurudishwa.

Bibi Mwanahawa akanyanyuka taratibu, akakung'uta kanga yake, akaniwekea mashine mikononi. Sasa hakuwa anatania. "Na mimi nilimsikia mwanangu hivyo hivyo," akaniambia, "kila uliponiambia rudia." Kisha akawageukia wabebaji. "Mchukueni mtumwa wangu. Nimemruhusu."

Tukaenda kuzika.

Tangu juzi natafuta namna ya kumchukia bibi yule na sipati. Desturi hainiruhusu, na nikiiweka desturi kando, bado sipati. Alinifanyia kwa mdomo mmoja kile nilichomfanyia kwa mashine, tena yeye alifanya palipo na haki ya kufanya. Mimi nilikuwa na barua ya ruhusa tu kutoka mkoani. Kinachoniuma zaidi ni Mama. Bibi alinilenga mimi, na mimi nikampiga Mama.

Jana mchana niliisikiliza tepu. Mashine haikuzimwa hata mara moja. Kila kitu kimo, kuanzia kicheko hadi sauti ya kikombe kikigongana na pete ya Mama. Hakuna jogoo. Msimamizi wangu atavua miwani tena, safari hii kwa furaha, na tasnifu itapita, na sitarudi darasa la tatu. Kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa, nilianza kuyaandika maneno karatasini, kila msemaji na herufi yake badala ya jina. Bibi ni A. Mimi ni B. Nilipofika pale nikampa mama yangu mzazi herufi C, nikaendelea na mstari unaofuata.

Leo mchana Mama ameingia chumbani kwangu. Amekuja na kile kikombe, akakiweka mezani kando ya mashine. Nikajua amekuja kuniambia niifute tepu. Nilikuwa tayari. Hata maneno ya kujitetea nilikuwa nayo, mazuri, yenye kitabu na ukurasa.

Hakuiangalia mashine. Aliniangalia mdomo.

"Rudia," akasema.

Nilimwambia, Mama, ninayo sauti yake mwenyewe, ile ya mwaka jana, acha nikufungulie umsikie yeye. Akatikisa kichwa. "Hiyo hata nikiiitikia, haijui kama nimekuja."

Sikuweza kumkatalia. Nililegeza upande wa kushoto wa mdomo, nikatanguliza pumzi.

"Abee, Baba Vero," akasema Mama, na uso wake ukafunguka. Akanishika kisogo kwa mkono mmoja, kama alivyokuwa akimshika yeye, akaniletea kikombe midomoni. Nikanywa. Akanifuta kidevu kwa pindo la kanga, upande ule wa kushoto.

Sasa amekichukua kikombe. Nasikia kata ikigonga mtungi huko jikoni, anakijaza. Anarudi.

Nitamwambiaje kwamba basi?