Nilipoitika kwa Jina Lako

Dada Mwajuma,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kukuuliza, na yangu nitakueleza mpaka uchoke, kwa hiyo tuanze na habari za chumbani. Kitanda chako nimekisogeza dirishani kwa sababu dari ilianza kuvuja upande ule. Sufuria yako ya wali nimeiunguza, usinune. Jirani wa chini ameongeza sauti ya redio tangu ulipoacha kumgongea sakafu. Na simu yako ninayo mimi. Hiyo simu ndiyo iliyonikalisha leo nikuandikie, maana kuna jambo nimelifanya kwa jina lako, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Ulizikwa Jumatatu. Mvua ile iliyokuwa ikinyesha ulipogongwa na gari pale kwenye taa za barabarani, roboti ya Isipingo, ilikuwa bado haijakatika, na wanaume walirudi kutoka makaburini na udongo mpaka magotini. Alhamisi mchana, nimekaa peke yangu, simu yako ikaita. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti lako, pale mlangoni tulipolitundika. Koti likawa linatetemeka. Nililitazama tu. Likanyamaza, kisha likaanza tena.

Unakumbuka Bibi kule Ujiji alivyokuwa akitukataza kuitika tukiitwa na mtu tusiyemwona? Alisema ukiitika umeshajitoa mwenyewe. Tulimcheka mpaka akatufukuza jikoni. Siku ile sikumkumbuka Bibi hata kidogo. Nilitoa simu mfukoni, mtu akasema, "Mwajuma?" nami nikasema, "Abee."

Kwa nini? Nimejiuliza sana, dada. Nadhani nilitaka awepo mtu mmoja tu duniani ambaye kwake wewe bado hujafa. Na sauti zetu unazijua. Mama aliyetuzaa, mpaka leo akipiga simu huuliza kwanza anaongea na nani.

Alikuwa daktari wako, yule Mkongo uliyekuwa ukiongea naye kila Alhamisi. Alikuona uso mara moja tu, siku ya kwanza, kwa video. Baadaye mkawa mnaongea kwa sauti kwa sababu bando lilikuwa linakuishia katikati ya maneno. Mimi nilikuwa nikitoka nje nikuachie nafasi. Nilichojua ni kwamba anakutibu ule unga wa kijani, kratom, ambao wenzako wa ghala la Mobeni walikupa ili usimame zamu nzima bila mgongo kukusumbua. Ulianza na kijiko kimoja kwenye juisi ya embe, ukafika mahali huwezi kutoka kitandani bila huo unga. Yeye akakuandikia vidonge vya kuweka chini ya ulimi, ukaanza kuwa mtu tena. Ulikuwa ukiamka unaimba, tena vibaya. Nilifurahi, na nilikuonea wivu.

Ambacho nilidhani hukijui ni kwamba mimi niliendelea. Kikombe kilikuwa kimoja, tulikoroga pamoja, na ulipoacha wewe nilihamishia pakiti zangu saluni ninakofanya kazi, kwa Mama Bea, nyuma ya makopo ya dawa ya nywele. Nilikunywa asubuhi kabla hajafika. Siku nikikosa, ni miayo, makamasi, na miguu kucheza yenyewe kitandani usiku kucha. Nilikuwa nakuambia ni mafua. Durban hii yenye joto lake, mafua gani hayo yasiyoisha?

Kwa hiyo daktari alipouliza kama dawa inasaidia, nikasema ndiyo. Akauliza mgongo. Nikasema bado unauma, upande wa kushoto. Sijui hilo la kushoto nililitoa wapi. Yeye hakushangaa, akasema ndivyo nilivyomwambia siku zote. Simu ilipokatika nilifungua pochi yako, nikaweka kidonge chini ya ulimi, nikakaa kimya mpaka kikayeyuka, kama nilivyokuona ukifanya. Kumbe mtu anatakiwa asubiri kwanza unga utoke mwilini. Mimi nilikuwa nimekunywa asubuhi ile ile, na nilitapika jioni nzima nikitetemeka, nikadhani nakufuata. Siku ya tatu nikaamka nimetulia. Sikuutaka tena unga. Ila mgongo wangu, ambao haujawahi kuniuma maishani, ulikuwa unauma. Upande wa kushoto.

Vidonge vilipokaribia kwisha nilikwenda duka la dawa. Tangu mwanzo mimi ndiye niliyekuwa nakuchukulia, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kitu. Yule dada wa kaunta aliniambia nimsalimie mgonjwa. Nikamjibu nitamfikishia.

Ikawa hivyo kila Alhamisi. Nilikuwa nakaa kwenye kitanda chako, kwa kuwa ndipo ulipokuwa ukiongelea, na nilivaa koti lako bila kujua nimelivaa saa ngapi. Daktari aliniuliza mambo yako nami nikawa nayajibu, na mengine nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Aliuliza kama bado namwota baba. Hukuwahi kuniambia unamwota baba. Nikasema siku hizi haji. Wiki ile ile akaja, amesimama mlangoni na kanzu imelowa, akaniita Mwajuma. Nami nikaenda.

Mama Bea alianza kulalamika, kwa Kiswahili chake cha Kongo, kwamba ananiita mara tatu sigeuki. Kisha siku moja mteja mmoja akamwita mwanawe mlangoni, mtoto anaitwa Mwajuma, na mimi nikageuka haraka kuliko mtoto mwenyewe. Tulicheka wote. Nilikwenda uani kunawa uso, na maji yalikuwa ya moto kwa jua lakini mikono ilikuwa baridi.

Halafu kulikuwa na dozi. Yako ilikuwa ya mtu aliyekunywa unga mwingi kwa muda mrefu, mimi nilikuwa nakunywa kidogo ukilinganisha na wewe. Nikawa nasinzia nimesimama. Nilimpaka mteja dawa ya kulainisha nywele, nikabaki na kitana mkononi, macho wazi, mpaka Mama Bea aliponivuta. "Weye, uko wapi? Dawa iko inamuunguza mutu." Ngozi ya yule mama ilikuwa imegeuka nyekundu nyuma ya masikio. Mama Bea alimwosha yeye mwenyewe, akamwomba radhi, na mimi akanitazama tu. Ningependa anitukane.

Alhamisi iliyofuata daktari alisema sauti yangu ni nzito, akauliza kama kuna kitu kingine ninachotumia. Nikakataa. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Na mudogo yako? Ulisema uko unaogopa naye anakunywa. Ulishaongea naye?"

Dada.

Kumbe ulijua. Ile miayo, yale makamasi, uliyajua kwa sababu ulikuwa umeyapitia, na ukakaa kimya ukimuuliza mtu wa mbali namna ya kuniambia bila kunitia aibu. Wewe, na ubishi wako wote, usiyeweza kunyamaza hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi. Nikafungua mdomo na kumjibu kwa niaba yako. Nikasema bado sijaongea naye.

Akasema nisikawie, na kwamba siku nikiwa tayari nimpe huyo mdogo wangu simu tu, yeye ataongea naye. Nikamshukuru. Baada ya hapo nililia, na hata kilio kilitoka cha kwako, kile cha puani ambacho nilikuwa nakuiga kukuudhi.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikisema ukweli, dawa si yangu, itakatwa, na nitarudi kwenye unga wangu nyuma ya makopo. Mama Bea atajua, na nani atamwachia kichwa cha mteja mtu wa namna hiyo? Nisiposema, nitaendelea kuwa wewe kidogo kidogo mpaka nimalizike. Wewe sikukuogopa, dada. Niliogopa kwamba siku nikitafutwa mimi, hakuna atakayeitika.

Alhamisi iliyofuata nilikataa kupokelea chumbani, kwenye kitanda chako. Nilikwenda na simu saluni, nikajifungia chumba cha nyuma penye taulo, mchana kweupe, Mama Bea yuko mbele anacheka na wateja. Ikaita. Nikaitika kama kawaida. Kisha nikasema, "Dokta, mdogo wangu yuko hapa. Nampa simu." Nikaihamisha kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto. "Halo, dokta."

Akasema, "Mama, si ni weye?"

Nikamweleza. Kwamba Mwajuma aligongwa na gari, kwamba tumemzika, kwamba kila Alhamisi aliyekuwa akiongea ni mimi. Nilieleza haraka, maneno yakikanyagana. Alipojibu alikuwa anaongea polepole mno, kama mtu anayembembeleza mtoto ashuke ukutani. "Mwajuma, unisikilize. Weye haukufa. Uko unaongea na mi." Akaniomba niwashe kamera.

Nikawasha. Mzee wa miwani, pazia la kahawia nyuma yake. Alinitazama kwa makini, halafu uso wake ukalegea kwa nafuu, na ile nafuu yake ndiyo iliyonitisha. Akasema uso ni ule ule aliouona siku ya kwanza. Akauliza kama kuna mtu karibu anayeweza kunipeleka hospitali.

Kwenye kile kiboksi kidogo pembeni ya skrini nilijiona, dada, na ulikuwa wewe. Kola ya koti lako, macho yako ya usingizi. Nikataka kumwambia jina langu. Nakuapia, nilichosema ni "Mimi ni Mwajuma," na nilikisikia kikitoka.

Nikafungua mlango na kumwita Mama Bea. Alikuja na glavu zake zenye povu, akanikuta na simu mkononi. Nikasema yote mbele yao wawili: unga nyuma ya makopo yake, vidonge vya marehemu, Alhamisi zote. Sikumtazama. Nilisikia anavua glavu moja, kisha nyingine. Akachukua simu.

"Dokta, Mwajuma alikufa. Mi nilikuwa pale wakati walimutoa kwa nyumba. Huyu ni mudogo yake."

Daktari akauliza jina la huyo mdogo. Mama Bea akaushusha mkono wenye simu, akanigeuzia skrini. "Aseme mwenyewe."

Ilichukua muda. Mbele kule mashine ya kukausha nywele ilizimwa, mtu akauliza Mama Bea kaenda wapi. Nikalisema jina langu, sauti ikiwa ndogo na imekwaruza, nikalisema tena.

Daktari alivua miwani. Alikulilia kwanza wewe, ujue hivyo. Alisema ulikuwa umeshavuka pabaya, kwamba ulikuwa karibu kupona kabisa. Alipomaliza akanigeukia kwa ukali ambao sikujua anao. Alisema dozi ile ingeweza kunizimisha nikiwa usingizini, na wewe usingenisamehe. Nilidhani hapo ndipo atakata simu. Akaanza kuniuliza maswali upya, tangu la kwanza, kama mtu asiyewahi kusikia sauti yangu. Nakunywa tangu lini, kiasi gani, nalala vipi, nani yuko nami. Kwenye hilo la mwisho nilikwama, na Mama Bea, ambaye alikuwa ameshashika kitasa cha mlango, akasema ni yeye.

Sasa natibiwa mimi. Dozi ni ndogo, ananipigia kwenye namba yangu, na Mama Bea ndiye anayenitunzia vidonge na kunipa kimoja kila asubuhi huku akinikodolea macho mpaka kiyeyuke. Unga aliumwaga mwenyewe kwenye sinki, ukaziba bomba, tukakesha na fundi. Dawa ya nywele sigusi, nasuka tu. Mama nimemweleza habari za unga, wako na wangu. Alilia, lakini amefurahi kusikia kwamba ulikuwa umeanza kupona. Mgongo bado unauma kidogo. Sijui kama ni wako au umeshakuwa wangu.

Nimefika kwenye kilichonifanya nikuandikie. Alhamisi iliyopita, saa zile zile, simu yako iliita. Daktari nilikuwa nimeshaongea naye kwenye yangu. Skrini haikuonyesha namba. Iliita mara moja, ikapumzika, ikaita tena. Nilikaa mikono imebana magoti, na sikuipokea.

Kama ulikuwa wewe, nisamehe, si kwamba sikupendi. Ulitaka kuongea na mimi na hukuwahi, nami nimeambiwa yote uliyokusudia, nimeyasikia. Huna deni la maneno kwangu. Nakuahidi nitameza hofu na nitaitunza hii roho moja iliyobaki kati yetu mpaka siku daktari atakaposema imetosha, na hata baada ya hapo. Laini yako kesho naifunga. Pumzika, dada yangu, usinihangaikie tena.

Ni mimi mdogo wako,

Rehema