Mkaa Ulioshiba

Timau, Jumapili

Dada Nkirote,

Viazi vimeshika vizuri huku. Kamati ya maji nayo, kwa hekima yake yote, imepaka tangi rangi ya buluu. Mkaa wa mifupa ulio ndani, wa kunasa floraidi inayoharibu meno ikizidi, haujabadilishwa tangu uliposafiri, miaka minne sasa. Umeshiba, haunasi kitu. Nilipolalamika, mwenyekiti Mutwiri alinicheka: "Mwalimu, maji yanang'aa hivi, unataka nini tena?" Mpumbavu huyo anadhani kila sumu ina rangi.

Mwanao Kanana, uliyeniachia, ameota meno ya kudumu. Yana madoa ya kahawia, na siku hizi anacheka akiziba mdomo. Nilikuandikia mara tatu kwamba maji ni salama. Sikuwa nimeyapima, dada. Nilitazama tu yanavyong'aa.

Ndugu yako,
Marete