Majina ya Ng'ombe Ndani ya Kitufe

Oulu, Ufini

Baba,

Mwangaluka, hata kama huko si asubuhi. Mdogo wangu Holo akusomee taratibu, na pa kucheka asiparuke. Jicho lililobaki linaendeleaje? Mayu, mama yetu, aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unatambua watu kwa sauti. Mimi ni mzima, ila huku usiku wa msimu huu hauingii giza. Naishi kama mtu aliyesinzia mchana juu ya lundo la pamba, hata sijui lini nimeota na lini nimeamka.

Huwa unaniuliza ninafanya kazi gani. Natengeneza vitufe vya kubonyeza kwenye skrini za kompyuta za maabara. Mimi naandika akili ya kitufe, mwenzangu Aino anakivisha sura. Ndani ya sura kuna vipande vidogo, kila kimoja na jina lake. Sura ikishavaliwa, akili inakitafuta kipande kwa jina, ikikipata, kitufe kinafanya kazi.

Sasa mwanao, kwa kupakumbuka nyumbani, nikavipa vipande majina ya ng'ombe wako: Mabaka, Redio, Jioni. Nilikuwa naandika huku naliona vumbi la zizi letu pale Sapiwi limejaa ofisini. Wiki iliyopita Aino akatengeneza sura mpya. Akakuta neno "Jioni", halijui, akalifuta. Kitufe kikapendeza kweli, lakini ukibonyeza, kimya. Siku mbili nzima nilitafuta kosa nisilione. Na bosi alishasema, kitufe kikikamilika ndipo nipate likizo ya kuja kukuona. Niliogopa, baba. Niliogopa nitafika jicho limeshazima.

Juzi Aino akaniuliza, "Minza, lile neno nililofuta lilikuwa la nini?"

"Ng'ombe wa baba."

Alicheka mpaka akavua miwani.

Hapo nikakumbuka ulivyotoa ng'ombe wa mahari ya kaka kule Nkololo. Wakwe wameshashika kamba, wewe ukawazuia. "Huyu mkimwita vingine hasikii. Semeni jina lake." Ukawarudisha ng'ombe mmoja mmoja mpaka wakwe wakayajua majina yote, na mimi nimenuna kwa sababu pilau linapoa. Kumbe Aino nilimkabidhi kundi bila majina. Nikayaandika yote juu kabisa ya kazi yangu, mahali ambapo kila anayetengeneza sura ataanza kusoma, na kila jina nikaeleza ni la kipande gani. Akamrudisha Jioni ndani. Nikabonyeza, kikafanya kazi, nikalia mbele za watu.

Likizo imesainiwa. Nisalimie mayu, kaka na shemeji, na mjomba wa Maswa anayepima pamba, mwambie bado namdai hadithi ya fisi.

Baba, kati yangu na giza sijui nani atatangulia kufika. Likiniwahi, usijikaze mbele yangu na kujifanya unaona. Nishike uso kwa mikono yote miwili, uniangalie hivyo, usiharakishe.

Binti yako,
Minza