Mdogo Wake Ansel

Alhamisi, 17 Januari 2019

Siku ya kwanza ya usajili wa wanachama wapya wa majumba ya udugu hapa chuoni. Theluji hadi magotini, na bado wamekuja tisini na tatu! Ukumbini sakafu yote maji ya viatu. Mkuu wa usajili mwaka huu ni mimi. Hakuna aliyekigombea cheo hiki. Garrick, rais wetu, alinitwisha tu. Eti nina sura ya kuaminika. Sura!

Kazi ni ileile. Shika mkono, jina lako nani, unatoka wapi, unasoma nini. Dakika ishirini, kengele, wanahamia jumba la jirani, wanaingia wengine. Taya zinaniuma kwa kutabasamu.

Halafu kundi la sita. Wote walikimbilia kakao. Mmoja akabaki chini ya ngazi, kijana mrefu, masikio mekundu kwa baridi, anatazama juu. Hakuna kitu kule juu. Nikamwuliza, vipi, umepotea? Akacheka. Kicheko kile — pumzi inatoka puani kwanza, sauti inafuata nyuma. Nakijua.

Akasema anaitwa Lyle Kucera. Jina silijui.

Ijumaa, 18 Januari

Nimesoma fomu yake. Heri nisingeisoma.

Mji: Tollen. Mtu wa kuarifiwa jambo likitokea: Marit Kucera, mama.

Marit si jina la kuokota njiani. Februari 2017, kwenye korido ya hospitali, mwanamke mwenye koti la kijani aliniandikia jina hilo na nambari ya simu kwenye karatasi. Akaniomba nimpigie nikikumbuka chochote. Sijawahi kupiga. Alikuwa mama yake Ansel Brandvold. Kumbe alikuwa na mwingine nyumbani, wa baba mwingine. Na sasa amekua, amekuja.

Niandike basi, mara moja, nisirudie. Ansel alikuwa mwanagenzi wangu. Kila anayeingia kwenye udugu huu hupewa kaka mlezi. Yeye alipewa mimi. Usiku wa wanagenzi, ule wa kuwajaribu wapya kabla ya kiapo, tuliwanywesha kupita kiasi. Akaanguka kwenye ngazi zetu, toka juu hadi chini. Ambulensi tuliiita baada ya dakika arobaini. Kwanza nyumba ilisafishwa — chupa, ndoo, orodha ya majina. Kisha tukambeba tukamlaza barazani, kwenye barafu. Taarifa ikasema aliteleza akiondoka. Chuo kilitufungia usajili hadi mwisho wa mwaka ule kwa ajili ya pombe, basi. Wanagenzi wenzake walijitoa, na ndugu waliokuwapo wameshahitimu. Tumebaki mimi na Garrick.

Ansel hakufa. Watu husahau hilo. Hakufa.

Jumamosi, 19 Januari

Raundi ya pili. Kuonyeshwa nyumba, kisha chakula: supu ya maharage na nyama, na mikate ya mdalasini. Nilimpangia Boyd amtembeze Lyle. Boyd ni wa mwaka wa pili, hajui lolote. Baada ya dakika tano Boyd akaja. "Huyu anakutaka wewe. Anasema bila wewe haendi kokote."

Nikamtembeza. Jikoni, maktaba, ukuta wa picha. Alisimama kwenye picha ya mwaka 2017. Akatafuta kwa kidole, safu kwa safu. Ansel hayumo, wanagenzi hawapigwi picha mpaka waapishwe. Hakusema alikuwa anamtafuta nani. Sikumwuliza.

Ngazini akapanda akiushika ukingo kwa mikono miwili, kama mzee.

"Kali hizi ngazi," akasema.

"Nyumba ya zamani."

"Mnashukaje mkiwa na haraka?"

Nikasema tunazoea. Tunazoea! Mdomo wangu huu.

Mezani alikula mikate minne. Ndugu wadogo wakamshangilia. Boyd akapiga kelele: "Mpeni mwaliko kabla hajaanza kula viti!" Na Lyle akacheka kile kicheko. Nikatoka nje bila koti.

Jumapili, 20 Januari

Ngazi zina vidato kumi na saba. Miaka miwili nalala chumba cha chini, pembeni yake, kwa sababu hakuna mwingine anayekitaka. Mtu akishuka mchana, nahesabu. Siwezi kujizuia. Nikifika kumi na tano nakaza tumbo.

Leo saa tisa alasiri mtu alishuka hadi kumi na moja, kisha kimya. Nikasubiri. Nikafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Boyd anasema labda alirudi juu kuchukua kitu. Labda.

Jumatatu, 21 Januari

Sikukuu, hakuna masomo. Nimemwambia Garrick.

Alikuwa anapiga pasi shati. Hakuinua macho. "Una uhakika?"

"Mama mmoja."

"Na yeye amekwambia?"

"Hajasema kitu."

Akageuza shati. Nikamwambia tumkate, kimya kimya, aende jumba lingine, aishi maisha yake. Nilisema namwonea huruma. Garrick akanitazama kwa mara ya kwanza. "Huruma ya nani, bwana? Fikiri. Tukimkataa atauliza kwa nini. Na mama yake atauliza. Akiwa ndani ni ndugu yetu. Ndugu hamchongei ndugu." Akaning'iniza shati, akalinyoosha kola. "Wewe mpende tu, Tobin. Mbona ulimpenda wa kwanza?"

Nilitaka kumpiga. Nikamsaidia kukunja meza ya pasi.

Jumatano, 23 Januari

Raundi ya tatu, mazungumzo ya wawili wawili. Nilijipangia Lyle mwenyewe. Nilikuwa na nia njema, naapa.

Nikamwambia jumba hili si zuri kama anavyoliona. Usiku wa wanagenzi ni mbaya. Kuna majumba mengine matano mtaani, yana watu wapole, mengine yana hata chakula kizuri zaidi.

"Unanifukuza, kaka?"

"Nakushauri."

"Kila mtu hapa ananibembeleza, wewe peke yako unanishauri." Akatabasamu, akajikuna sikio. "Nimeomba jumba moja tu. Mistari mingine yote kwenye fomu nimeiacha mitupu."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema atanieleza akishaingia. Kama hataingia, basi haina maana nijue.

Anajua. Hajui. Anajua! Nimekaa na swali hili tangu saa sita mchana, na kila jibu linaniogopesha sawasawa.

Ijumaa, 25 Januari

Kura.

Mambo yetu ni ya kizamani: sanduku lenye tundu, kila ndugu anapewa gololi mbili, nyeupe na nyeusi. Anatumbukiza moja. Nyeusi moja tu inatosha kumkata mtu. Ikitokea, kura inarudiwa mara moja, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Majina thelathini yalipita haraka. Lyle Kucera — wadogo wakapiga meza kwa furaha. Sanduku likazunguka. Nikaingiza mkono, nikaachia nyeusi. Ilitoa mlio kama jino linalodondoka sahanini.

Garrick akafungua. Arobaini na moja nyeupe, moja nyeusi.

Vurugu! Boyd akasimama juu ya kiti. Nani huyo? Ajitokeze aseme sababu! Mwingine akasema ni wivu. Mwingine akasema mwenye kura hiyo ni mwoga, hata hamjui kijana wa watu. Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa na sababu. Sentensi mbili zingetosha, na kila mtu mle ndani angejua mimi ni nani.

Garrick akasema kwa upole turudie. Akaleta sanduku kwangu yeye mwenyewe, akasimama mbele yangu, akalishika kwa mikono miwili kama mtu anayekukaribisha chakula.

Nyeupe.

Arobaini na mbili nyeupe. Wakashangilia mpaka vioo vikatikisika. Na mimi nilishangilia. Naandika hili ili nilione: na mimi nilishangilia.

Jumamosi, 26 Januari

Siku ya mialiko. Wanakimbia kutoka bustani ya chuo hadi kwenye jumba lililowachagua, kwenye theluji, wanateleza, wanapiga mayowe, wazazi wengine wanapiga picha. Lyle alikuja wa kwanza. Alinikumbatia akaniinua juu.

Kisha akanivuta pembeni, nyuma ya miti ya misonobari.

"Kaka Tobin, mimi ni mdogo wake Ansel."

Nikasema najua.

Akashangaa. Kisha machozi yakamlengalenga — kwa furaha! Akasema hakutaka tumpe nafasi kwa ajili ya kaka yake, ndiyo maana alinyamaza. Akasema Ansel hakumbuki shule, hakumbuki mpira, hamkumbuki hata baba yake aliyemzaa. Wiki ya usajili anaikumbuka. Siku alipopata mwaliko anaisimulia kwa vipande vipande, kila siku, kama mtu anayesimulia harusi yake. Analala na fulana yetu. "Kabla ya nyinyi hakuna aliyewahi kumchagua kwa lolote. Nilitaka kuona mahali palipomfurahisha kiasi hicho. Na wewe, kaka. Anakutaja. Akisikia jina lako anacheka."

Nilimtazama usoni nikitafuta kisu. Hakikuwapo. Hakuna kitu mle isipokuwa kijana wa miaka kumi na minane mwenye masikio mekundu. Afadhali kingekuwapo.

Anataka niwe kaka mlezi wake. Na anataka niende Tollen Jumapili ijayo. Mama anapika.

Nikasema sawa. Kwa vyote viwili.

Jumanne, 29 Januari

Garrick amefurahi. Amenipiga bega. Amesema nenda, kula, toa pole, rudi.

Jumapili, 3 Februari

Niko ndani ya gari, mbele ya nyumba yao. Naandika nyuma ya karatasi ya ramani, nitanakili baadaye. Nimewaambia nimesahau simu. Simu iko mfukoni.

Nilifika saa tano. Nyumba ndogo, nyeupe, mbao za kupitishia kiti cha magurudumu zimewekwa juu ya ngazi za baraza. Marit akanishika uso kwa viganja viwili. "Hatimaye, mwanangu." Amezeeka. Koti la kijani lilikuwa limetundikwa mlangoni.

Ansel alikuwa karibu na dirisha. Amenenepa. Upande mmoja wa uso umelala. Lyle akasema, angalia nani amekuja! Ansel akanitazama muda mrefu. Nikapiga magoti, nikamshika mkono. Akacheka. Kile kile — puani kwanza. Nikafikiri, basi, nimesamehewa. Nilifikiri hivyo kweli, kwa muda wa kumeza mate.

Kisha akasema, wazi kabisa, "Subiri kidogo."

Lyle akacheka. "Ndiyo wimbo wake huo."

Tulipokaa mezani akasema tena. Kijiko kikimkaribia: subiri kidogo. Marit akimfuta kidevu: subiri kidogo, subiri kidogo. Wamezoea, hawasikii tena. Mimi nilisikia. Hata mkato wa sauti ni uleule.

Maneno hayo ni yangu. Si ya Garrick, si ya rais wa wakati ule. Wao walikuwa wanabeba chupa. Mimi nilipewa kazi ya kukaa naye chini ya ngazi. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Alikuwa anasikia! Alikuwa anauliza kama wanakuja. Na simu niliyo nayo hapa mfukoni ilikuwa mkononi mwangu. Kila alipouliza nilimwambia. Dakika arobaini nilimwambia.

Baada ya chakula Lyle alitoka kwenda kuondoa theluji. Marit akajaza kahawa. Akasema madaktari wameshindwa na maneno hayo, mmoja tu alisema huenda ndiyo ya mwisho aliyoyasikia kabla kichwa hakijajaa damu. Lakini aliteleza peke yake, barazani, si ndivyo? Peke yake mtu hawezi kuambiwa asubiri. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anakoroga sukari.

"Miaka miwili najiuliza. Najua alikuwapo mtu mwema, aliyekaa naye. Ningependa kumshukuru. Wewe ulikuwepo, mwanangu. Nani alikuwa anamwambia asubiri?"

Ndipo nikasema nimesahau simu.

Ufunguo uko mahali pake, kwenye gari. Lyle amefika nyuma yangu na koleo lake, anasafisha mpaka barabarani ili nisikwame nikitoka. Amenipungia. Wiki ijayo ni usiku wa wanagenzi, na mlezi wake ni mimi.

Marit amefungua mlango wa mbele. Amevaa ndara tu. Haniiti. Amesimama ameushika mlango wazi kabisa, na nyuma yake namwona Ansel dirishani, na joto lote la nyumba ile linatoka nje. Nafungua mlango wa gari.